Mke Mwenzangu na Vitenzi Vyenye Mkia

Kila Jumapili saa kumi alasiri nilikuwa na dakika kumi na tano za mjukuu wangu. Siku ile aliniaga dakika ya nne. Nilidhani saa yangu ya ukutani imekosea, nikaangalia kwenye simu yenyewe, maana simu haina huruma, huandika kila kitu: dakika nne na sekunde kumi na moja. Nikaangalia tena. Zilikuwa zilezile.

Binti yangu, mtoto pekee niliyemzaa, alikwenda Uingereza kusoma, akaolewa hukohuko na Mwingereza, akazaa msichana mmoja, akaugua, akafa, akazikwa huko. Nayasema kwa mkupuo kwa sababu nikiyasema polepole huwa siyamalizi. Alipofariki, mtoto alikuwa na miaka minne na Kiswahili cha kuombea maji na kukatalia kulala. Sasa ana saba. Kiswahili kile kimeyeyuka chote, limebaki neno moja tu, Bibi, na hilo nalo analitamka kama jina la dukani. Mimi Kinyamwezi changu na Kiswahili changu hawezi kuvifanyia chochote. Kwa hiyo damu yote ya binti yangu iliyobaki duniani ilikuwa inanifikia kwa simu, kwa Kiingereza, dakika kumi na tano kwa wiki.

Mtoto alipoondoka kwenye kioo, baba yake aliinama akaingiza uso. Mkwe wangu ni mtu mrefu, mpole, husafisha koo kabla ya kila sentensi kana kwamba anafungua mlango wa nyumba ya watu. Akasema, "She's just run out of things to say." Mimi nikasikia kukimbia, nikasikia nje, nikaona mtoto amekimbilia nje kucheza. Nikafurahi kwamba huko kwao leo kuna jua. Nikatabasamu, nikasema asante.

Kesho yake sokoni nikamsimulia jirani yangu wa kibandani. Yeye ni muuguzi mstaafu, alifanya kazi miaka mingi hospitali ya misheni pamoja na masista wa Kizungu, na siku hizi anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Mimi nauza asali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Hakukimbilia nje," akasema. "Kaishiwa maneno. Hana la kukwambia."

Jioni ileile ukaja ujumbe wa mkwe. Aliandika kwa adabu sana kwamba labda sasa tupigiane mara moja kwa mwezi, ili isigeuke kuwa "chore" kwa mtoto. Neno hilo nililijua, kazi ya kutumwa. Shule ilinifundisha.

Mimi bei ya kwanza siikubali hata nikipewa bure. Nikamjibu nikimwomba aniachie kila Jumapili kwa miezi mitatu tu, kisha aamue anavyotaka. Akakubali. Jumapili kumi na mbili. Nikazihesabu kwenye kalenda, zikatoka kumi na tatu. Nikanyamaza. Jumapili ya ziada si kitu cha kumrudishia mwenyewe.

Sasa niseme kuhusu Kiingereza changu, maana watu husikia mama muuza asali wakadhani hana. Ninacho. Nilimaliza kidato cha nne katika shule ya serikali ambako tulikariri kamusi kama katekisimu. Naweza kusema "commence". Naweza kusema "extinguish", "tolerate", "postpone". Nilipokuwa nikiongea na mtoto yule nilimuuliza kama amekwisha kupokea chakula chake cha mchana na kama walimu wake wanamridhisha, na nilitumia maneno mazito yenye nembo ya serikali. Siku moja nilimsikia akimwambia baba yake kwa sauti ya chini, "She talks like a letter." Bibi anaongea kama barua. Nilicheka naye. Simu ilipokatika nikakaa na kibuyu cha maji mkononi, sikukumbuka nilikuwa nataka kukifanyia nini.

Nilienda kwa muuguzi asubuhi kabla wateja hawajajaa.

"Dada, nataka Kiingereza."

"Unacho kimekujaa. Kingine cha nini?"

"Cha mtoto wa miaka saba."

"Aa. Hicho ndicho ghali."

Nikaweka chupa ya asali juu ya michembe yake. "Chupa hii, vitenzi hamsini."

"Hamsini! Unanunua dagaa? Kumi na tano."

"Arobaini. Na viwe vizima, usinipe vya kukatika mkia."

Akanitazama. "Kumbe unajua vina mkia."

"Nimeona. Ile 'run out' ilikuwa na mkia, ukanipiga usoni."

"Ishirini," akasema, "na asali iwe ya nyuki wadogo."

"Ya nyuki wadogo unauziwa ukiwa na maiti ndani. Hii ni ya Kigwa, ya mzinga wa gome, haijaonja sukari. Ishirini na tano."

"Ishirini na mbili, mama wa watu, na uache kunipotezea asubuhi."

Tukapeana mikono. Nyumbani nilivihesabu vile alivyoniandikia: ishirini na viwili. Nikarudia: ishirini na kimoja. Alikuwa ameandika "sit up" mara mbili. Kesho yake nikamdai kimoja, akanilaani, akanilipa.

Muuguzi hakujua kufundisha isipokuwa kwa njia aliyojifunzia yeye, na yeye alijifunzia kando ya vitanda. Kwa hiyo alinilaza kwenye benchi mbele ya soko zima. "Lie down." Nikalala. "Roll over." Nikageuka ubavu. "Sit up. Breathe in. Hold on, hold on... breathe out. Cough it up." Nikakohoa. Mwenye duka la sufuria akatoa kichwa.

"Mama Asali anaumwa?"

"Anaumwa Kiingereza," akajibu muuguzi. "Hakiambukizi, rudi kwenye sufuria zako."

Nikiwa pale chali, naangalia mabati ya soko, ndipo nilipoelewa kwamba shule ilinianzishia nyumba kwenye paa. Masista wale hawakumwambia mgonjwa mahututi "recline" wala "inhale". Walimwambia kwa maneno madogo ambayo hata mtoto anayo. Na watoto wao ndivyo wanavyokuzwa, "get up", "put it down", "come on", "eat up", mpaka wanapofika darasani kukutana na maneno makubwa, tayari wana nyumba ya kuyawekea. Mimi nilikuwa na maneno makubwa yamekaa uwanjani, yananyeshewa.

Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Wengi wa hapa tunatoka kwa wapagazi. Waliondoka Unyanyembe na pembe mabegani, wakatembea mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga na Kiswahili. Bibi yangu alipenda kusimulia kwamba Kiswahili chao cha kwanza kilikuwa maneno machache tu: beba, tua, simama, twende, ngoja, shusha. Lugha iliingia kwa bega. Adabu na mashairi vilikuja baadaye, kwa waliofika mara ya pili na ya tatu. Nilimfikiria sana mzee yule nilipokuwa nimelazwa kwenye benchi, nikaona aliyenifundisha vibaya si mwalimu wangu peke yake, ila haraka yetu sote ya kuonekana tumesoma.

Lakini vitenzi vile vina ukaidi wake. Sisi tukitaka kitenzi kifanye kazi nyingine tunakifanyia upasuaji kwa ndani: funga, fungua, fungia, fungana, fungisha, na mgonjwa anatoka akitembea. Mwingereza hapasui. Anakiacha kitenzi vilevile, kisha anakining'inizia kamkia nyuma. "Give" ni kutoa. Ukining'iniza "away", unagawa bure. Ukining'iniza "in", umesalimu amri. "Out", unagawa kwa foleni, au mashine imekufa. Na "up", umekata tamaa.

"Kwa nini kukata tamaa kuwe ni kutoa kwenda juu?" nilimuuliza muuguzi.

"Hujaona watu wakisalimu amri? Wananyanyua mikono."

Sijui kama ni kweli, lakini nilikinunua.

Na mkia wenyewe hautulii. Unaweza kusema "put on your shoes", na unaweza kusema "put your shoes on", viatu vimewekwa katikati, mkia umerukia nyuma. Lakini mzigo ukiwa mdogo, ukiwa "it" au "them", lazima ubebwe katikati. "Put them on", hakuna mjadala. Sheria hii haikunisumbua. Mzigo mdogo unabana kwapani katikati ya mambo mengine, gunia ndilo linalosubiri mwisho. Nilijaza daftari zima. "Get" peke yake nilihesabu ishirini na sita, nikarudia nikapata ishirini na vitano, kwa sababu viwili vilikuwa kimoja kilichobadili shati.

Jumapili ya kwanza nikiwa na bidhaa mpya, nilimuuliza mtoto, "What are you up to?", yaani unashughulika na nini. Akasogeza uso karibu na kioo kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yangu. Kisha akaanza. Alianguka shuleni, "fell over". Rafiki yake mmoja kamtenga, wakapatana, "made up". Jino linacheza, linakaribia kutoka, "come out". Ilikuwa dakika kumi na mbili. Jumapili ya pili, kumi na tano kamili. Ya nne, baba yake alimwambia muda umekwisha, naye akamjibu, "Hang on!" bila kugeuka. Nililipeleka neno lile sokoni kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Kamwambia baba yake asubiri," nikamwambia muuguzi. "Kwa ajili yangu."

"Usijisifu. Anamwambia hivyo hata akiwa chooni."

Lakini alinipa vitenzi vitano bila asali.

Ikafika Jumapili ya tisa. Jino lilikuwa limetoka, alinionyesha pengo, akalipenyezea ulimi. Akacheka kwa namna ambayo binti yangu alikuwa akicheka, mabega yakipanda kwanza kabla ya sauti. Nikalewa. Sina neno jingine. Nikasahau bahari iliyokuwa kati yetu, nikafanya kile ambacho bibi yeyote wa Unyamwezi angefanya mbele ya mjukuu wa kike mwenye pengo. Nikamtania.

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza. Babu ni mume wa wote wawili, basi mtoto anapoingia uani anaingia kama mshindani. Bibi yangu kule Puge alikuwa akinipokea na mwiko mkononi: nimefuata nini kwake, mwizi wa waume, nirudi kwetu kabla hajanivunja miguu. Mimi nami nilimrushia matusi ya kiwango hichohicho, majirani wakicheka, mpaka aangue kicheko yeye mwenyewe na kunivutia kifuani. Ukiitwa mke mwenza, umehesabiwa. Mtoto asiye na bibi wa kumtukana ndiye tunayemhurumia.

Basi nikamnyooshea kidole kwenye kioo, nikakunja uso vizuri kabisa, nikasema: "You! You took away my husband. You wait. I will beat you up. I will throw you out of my house and send you back to your people."

Umeniondolea mume wangu, ngoja nikupige, nikufukuze nyumbani kwangu, nikurudishe kwenu. Mikia minne. Yote mahali pake. Sikuwahi kusema Kiingereza kizuri namna ile maishani mwangu, na hata wakati midomo bado inatembea nilikuwa najisifu moyoni, nikisema muuguzi angenisikia.

Mtoto hakucheka. Ulimi ulitoka kwenye pengo. Akasema polepole, "I didn't take anyone away."

Akarudia, safari hii akimgeukia baba yake. "Daddy, I didn't take her away."

Alisema "her", neno la mwanamke. Mimi nilimtaja mume. Yeye alimsikia mama yake.

Baba yake alitokea, si kwa kuinama kama kawaida. Alimnyanyua mtoto, nikaona bega, nikaona dari, nikasikia kilio kikienda mbali ndani ya nyumba nisiyoijua. Nikaita jina la mtoto. Nikasema "joke, joke", neno pekee lililonijia, na halikuwa na mkia wala kichwa. Alipochukua simu tena hakusafisha koo. Alisema ni bora tuishie hapo. "We'll get back to you." Nisipige, watanitafuta wao. Nililielewa kila neno. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Miezi miwili kabla yake ningeachwa gizani nikitabasamu na kusema asante. Sasa nilikuwa nimejinunulia macho, na la kwanza kuliona ni mlango ukifungwa.

Jumapili ya kumi nilikaa na simu mapajani toka saa nane. Haikulia. Ya kumi na moja nilipiga mimi, ikaita mpaka ikachoka. Ya kumi na mbili niliandika, nikaona nimesomwa, alama zile mbili zikawa za rangi, na hakuna jibu. Niliuza asali kwa makosa. Mteja mmoja alinirudishia chupa mbili nilizomzidishia, na wanaonifahamu walinitazama kama mtu aliyetoka hospitali. Nilikuwa nikiamka na sentensi ile. Ilikuwa inanijia kwa Kiingereza, kamili, na mikia yake yote.

Nikamwendea muuguzi. "Zungumza naye wewe. Kiingereza chako ni cha kitandani, kitamtuliza."

"Sizungumzi."

"Dada, yule ni mkwe wangu. Unajua mimi na yeye hatuwezi kukaa tukaongea. Lazima awepo mtu wa kati."

Ni kweli. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawatazamani usoni, hawakai mkeka mmoja, na neno zito kati yao hupitia kwa mtu mwingine. Miaka yote ile, kila mkwe alipoingia kwenye kioo, mimi niligeuza shingo nikaangalia ukuta. Hiyo ndiyo heshima niliyompa, na nilimpa nzima, bila kupunguza.

"Mtu wa kati ni wa watu wanaojua kwamba kuna katikati," muuguzi akasema. Alikuwa anapanga michembe yake, hakuniangalia. "Yule akisikia sauti ya mwanamke asiyemjua atasema nini? Atasema bibi amekimbia, ameleta wakili. Mimi nilikuuzia vitenzi. Mdomo sikukuuzia."

"Kwa hiyo nimwache mtoto?"

"Nimesema hivyo? Nimesema funika uso wako na aibu yako, uzungumze na mwanaume yule kama unavyozungumza na wanaokuja kukuibia kwenye mizani."

Nilienda nyumbani, nikafunga mlango mchana kweupe. Nilirekodi ujumbe wa sauti, nikaufuta. Nilihesabu baadaye, nilifuta saba. Nikakumbuka ule niliofuta kabla sijasema chochote, ikawa minane. Kwenye mingine nilijikuta nimerudi kwenye barua za serikali, namweleza mkwe kwamba nasikitishwa na usumbufu uliojitokeza. Nilizijua sauti zile. Ndizo sauti tunazotumia tunapomwogopa mtu.

Ule wa tisa niliutuma. Nilimwambia kwamba huku kwetu bibi humwita mjukuu mke mwenza, na kwamba nilimtisha mtoto kwa vile nilivyotishwa mimi na bibi yangu, na kwamba bibi yule hakuwahi kunigusa hata kwa unyoya wa kuku. Nilimwambia mume niliyemtaja amekufa muda mrefu na hakuna aliyemwondoa isipokuwa Mungu. Nikamwambia sikujua mtoto anabeba jambo lile moyoni, kwamba yeye ndiye aliyemwondoa mama yake. Ningejua ningekula ulimi wangu. Nikasema je, yeye baba alijua? Hapo nilitaka kuufuta, sikuufuta. Nikamwambia pia kuhusu ukuta. Kwamba sikuwa simpendi. Kwamba kumwangalia mkwe machoni, kwetu, ni kumvua nguo. Nilitumia maneno madogo tu, yale ya benchi.

Zilipita siku tisa. Ndani ya siku hizo Jumapili ya kumi na tatu, ile ya ziada, ilikuja na kupita bila mlio.

Siku ya tisa alijibu kwa maandishi. Alisema hakujua kwamba mtoto anawaza vile. Alisema wamekuwa wakizungumza naye, yeye na mtaalamu mmoja, na mambo hayajawa mepesi. Alisema alidhani miaka yote namgeuzia uso kwa sababu namlaumu kwa kifo cha binti yangu. Kisha akaandika: Jumapili, dakika kumi, mimi nitakuwepo, tafadhali usimtanie.

Sikuomba kumi na tano.

Jumapili ile niliweka simu juu ya debe la asali. Walitokea wote wawili wamekaa kochi moja, mtoto katikati ya mikono ya baba yake kama kifurushi. Nilimwangalia mkwe wangu machoni kwa mara ya kwanza. Shingo ilitaka kugeuka yenyewe, nikaishikilia. Macho yake yalikuwa na wekundu wa mtu asiyelala. Tukasalimiana.

Mtoto alijibu kila nililomuuliza. Yuko vizuri, asante. Shule ni nzuri, asante. Jino jipya linakuja, ndiyo. Alikuwa na adabu kama mfanyakazi wa benki. Mimi nami nilimwuliza kwa adabu, nikichagua kila kitenzi kama mtu anayechambua mchele mbele ya wageni, na nikaona tunavyofanana: sisi wawili sasa tunaongea kama barua. Nilifikiri, basi ndivyo itakavyokuwa. Nimemrudisha, lakini nimemrudisha akiwa kwenye bahasha. Nikamshukuru Mungu kwa bahasha. Nilikuwa tayari kuipokea hiyohiyo, kila mwezi, mpaka nife.

Dakika ya saba habari zikatuishia. Baba yake akaanza kusafisha koo. Ndipo mtoto aliposema, akiangalia magoti yake, "Bibi. When you say that thing. About your husband."

Mkono wa baba yake ulikaza begani.

"What am I supposed to say back?"

Niliangalia ukuta. Nikarudisha macho. Nilikuwa nimeahidi, na mimi ahadi zangu za biashara huwa sizivunji, maana soko ni dogo. Lakini mtoto alikuwa ameuliza. Alikuwa amebeba swali lile wiki zote zile, kwamba kulikuwa na jibu, kwamba kila mtu alilijua isipokuwa yeye, na kwamba yeye akalia mahali pa kujibu.

Sikumjibu. Nilimtazama baba yake. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba anayetaka kukataa hukataa upesi; anayenyamaza bado anapima. Nilihesabu pumzi zake, kifua kilionekana vizuri. Nne. Nikahesabu tena. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Mkono ulibaki begani kwa mtoto, ila vidole vilikuwa vimelegea.

"You say," nikamwambia mtoto, na sauti yangu ilikuwa mbaya, yenye kamasi, "you say: Move over, old woman. He likes me better."

Sogea huko, kizee. Mimi ndiye anayenipenda zaidi.

Akafikiri. Akamwangalia baba yake juu ya bega, kisha akaniangalia mimi. "Move over, old woman," akasema kwa sauti ndogo sana, "please."

"No please," nikamwambia. "Kwenye utani hakuna please." Nililisema nusu Kiswahili, sikujijua.

Akarudia bila hiyo. Hakucheka, wala mabega hayakupanda. Alilisema kama anayeonja kitu cha moto, na alipomaliza alinitazama kuona kama nimekasirika.

Muda ukaisha. Baba yake akachukua simu, akasafisha koo, akasema wataona hali inavyokwenda. Sikumuuliza Jumapili ijayo au mwezi ujao. Nilisema sawa, nikiwa nimemwangalia machoni, mpaka kioo kikawa cheusi na kunionyesha uso wangu mwenyewe.